Mbwa Mkali, Jua Kali na Akili Kali: Neno Moja na Njia Zake Nyingi

Mzee mmoja wa Mukurweini, katika Nyeri, alipata barua fupi kutoka kwa mwalimu wa binti yake. Barua ilisema kwamba msichana huyo ni mkali wa hesabu, tena ana jicho kali, na kwamba wazazi wake hawana budi kumwangalia vizuri. Mzee akaisoma mara mbili, akakunja uso. Kwa muda wa siku tatu hakusema na mtoto, na jioni ya siku ya nne alimwita mbele ya mama yake, akamwuliza kwa nini anawafokea wenzake shuleni na kwa nini anamkodolea mwalimu macho. Mtoto alilia tu. Hakujua kosa lake, kwa maana kosa halikuwapo. Mwalimu, kijana aliyelelewa mjini, alitaka kusema kwamba binti huyo amewapita wenzake wote katika hesabu, na kwamba yeye huwa wa kwanza kuona palipokosewa ubaoni.

Jirani aliyetuletea habari hii ameuliza ni nani aliyekosea, mwalimu au mzee. Ameuliza pia juu ya kibao kilichoandikwa "MBWA KALI" langoni pa mzee huyo huyo, kwa sababu mgeni aliyetoka Tanga alikisoma akacheka. Maswali yote mawili ni ya neno moja, na kwa kuwa neno lenyewe lina njia nyingi, twaomba wasomaji wetu watuvumilie tukilijibu kwa urefu.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba -kali ni sifa, na kama sifa nyingine za Kiswahili haisimami peke yake, bali huvaa nguo ya jina inalolifuata. Twasema mtu mkali na watu wakali. Kisu kikali na visu vikali. Jino kali na meno makali. Wembe mkali na nyembe kali. Dawa kali, iwe moja au nyingi. Tukitaka kueleza jinsi jambo lilivyotendwa, twasema vikali, kama vile "alimkemea vikali". Ukali ni hali yenyewe, na makali ni ule upande wa panga unaokata.

Neno hili si la pwani tu, wala halikuletwa na Waarabu wala Wazungu. Ni la ukoo wa lugha za Kibantu, na ndugu zake wako mbali sana. Wabemba wa Zambia na Wachewa wa Malawi wanalo karibu kama lilivyo kwetu. Wazulu husema bukhali kwa kitu chenye kukata, na Watswana husema bogale kwa kitu chenye kukata na pia kwa mtu asiyechezewa. Hapo twaona kwamba tangu zamani sana watu waliona jambo moja katika kisu, katika pilipili na katika mnyama wa mwituni: kila kimoja hukuingia mwilini kabla hujajiandaa. Nadhani ndiyo maana neno moja limetosha kwa vyote.

Tuanze na wanyama, kwa kuwa ndiko kibao kilikoanzia. Mfano ulio bora kuliko yote watoka pwani. Neno tembo lina maana mbili: ni mnyama mwenye mkonga, na ni pombe inayogemwa katika mnazi. Tembo iliyogemwa asubuhi ni tamu. Ikikaa hata jioni au siku ya pili huchacha, ikawa kali. Basi mtu wa Mombasa akisema "tembo kali", anazungumza juu ya kinywaji. Akisema "tembo mkali" anazungumza juu ya mnyama, ingawa huko wengi wangemwita ndovu. Herufi moja tu, m, ndiyo inayotenganisha kibuyu na mnyama awezaye kung'oa migomba ya shamba zima kwa usiku mmoja. Mtu wa Nyeri anayewajua tembo wa msitu wa Nyandarua, wale ambao ilibidi wazungushiwe uzio wa umeme uliokamilika mwaka 2009, hawezi kuliona jambo hilo kuwa dogo.

Sababu ni kwamba mnyama, hata kama jina lake halibadiliki katika wingi, hufuata utaratibu wa viumbe vyenye uhai. Ndege arukaye kwa mabawa ni ndege mkubwa. Ndege ya kuchukua abiria ni ndege kubwa. Vivyo hivyo simba mkali, mbogo mkali, mbwa mkali. Na wakiwa wengi, mbwa wakali. Kwa hiyo mgeni wa Tanga alikuwa na haki ya kucheka kidogo. Lakini asicheke sana, kwa kuwa vibao vya "MBWA KALI" vimejaa Kenya yote, na vingine husema "UMBWA KALI", wala hajaonekana mwizi aliyerudi nyuma kusahihisha sarufi. Kiswahili cha bara kimezoea kuviacha viambishi njiani. Maana yafika, lakini adabu ya lugha hubaki nyuma.

Kuna jambo kubwa kuliko herufi m. Mbwa mkali na mbwa mwenye kichaa si mamoja, na mara nyingi watu wa vijijini wameyachanganya kwa hasara. Mbwa mkali ni yule aliyezaliwa au kufundishwa hivyo: hubweka langoni, huonyesha meno, na kila mtu amjua. Mbwa mpole ambaye ghafula amekuwa mkali bila sababu, anayeuma hata mwenyewe, anayetokwa na mate na kuyumbayumba, huenda ana ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo asiseme, "Ah, ni mkali tu." Na aioshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia apate chanjo, kwa maana dalili zikikwisha kuonekana kwa mtu ni nadra sana apone. Serikali ya Kenya imeweka shabaha ya kuyamaliza mauti ya wanadamu yatokanayo na ugonjwa huu kwa mbwa ifikapo mwaka 2030, na kazi hiyo huanza kwa kumchanja mbwa, awe mkali au mpole.

Hata wanyama wa mwituni ukali wao una sababu zake. Jim Corbett, mwindaji aliyepata sifa kubwa katika Bara Hindi, alihamia Nyeri mwaka 1947, akafa huko mwaka 1955, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Katika vitabu vyake alieleza kwamba yule mnyama mkubwa wa milia anayeanza kula watu mara nyingi ni yule aliyejeruhiwa au aliyezeeka, asiyeweza tena kukamata windo lake la desturi. Na wahenga wa Kiswahili walikwisha kuona kwamba kelele si kipimo cha ukali, waliposema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Sasa twende kwa wanadamu, ambapo neno hili huumiza. Mtu mkali si mtu mwenye hasira. Hasira huja ikaenda; ukali ni tabia. Wala mtu mkali si mtu katili. Mama mkali huwataka watoto wanawe warudi nyumbani kabla ya giza na hufuata neno lake. Katili huwatesa kwa kupenda kuwatesa. Zamani watu wengi walimpima mwalimu mkali kwa fimbo yake. Tangu mwaka 2001 kuwapiga wanafunzi kumekatazwa katika shule za Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 ikaweka ulinzi juu ya mwili wa kila mtu, lakini walimu wakali hawakuisha. Mwalimu anayekurudishia kazi mara tatu mpaka iwe safi bado ni mkali, tena wazazi husafiri mbali kumtafuta. Twaona kwamba neno lenyewe halikubadilika. Kilichobadilika ni chombo alichokishika mwalimu.

Viungo vya mwili navyo vina ukali wake, na hapa ndipo yule mzee alipopotea. Ulimi mkali ni wa mtu asemaye maneno ya kuchoma, ingawa mithali yasema maneno makali hayavunji mfupa. Sauti kali ni nyembamba na ya juu, ipenyayo sikio. Yaweza kuwa ya mwimbaji mwema. Jicho kali lina maana mbili zinazokaribia kugombana. Ukisema "alinitazama kwa jicho kali", ni kusema alinikasirikia. Ukisema "ana jicho kali", mara nyingi ni kusema anaona mbali na haraka. Mithali ya pwani, ukali wa jicho washinda wembe, yaonyesha jinsi maana hizo mbili zilivyo karibu: jicho lakata kabla ya chuma. Mwalimu aliandika "ana jicho kali". Mzee akasoma "ana jicho la kutisha". Kwa herufi zilizoandikwa wote wawili walikuwa sahihi.

Akili kali ni jambo lingine tena. Katika Kikuyu, kisu chenye makali huitwa kahiũ kogĩ, na mtu mwenye akili huitwa mũũgĩ. Shina ni moja. Mkikuyu hahitaji kufundishwa kwamba akili ni kama kisu kilichonolewa, kwa maana lugha ya mama yake yasema hivyo tangu utotoni. Basi lau mwalimu angaliandika "ana akili kali", mzee angalielewa mara moja na pengine angalichinja kuku. Lakini aliandika "ni mkali wa hesabu", na hiyo ni lugha ya vijana wa siku hizi. Kwao mchezaji mkali ni yule afungaye mabao, mwimbaji mkali ni yule mwenye wimbo unaopendwa, na wimbo wenyewe ni mkali vilevile. Wazee wengi hawakupata kuisikia maana hiyo, na si wajibu wao kuifuata mjini.

Hapa niseme neno kando. Kikuyu hakina sauti ya l kama ya Kiswahili, na wengi wa Nyeri husema "kari" badala ya "kali". Kosa hilo halimdhuru mtu, kwa kuwa msikilizaji atatambua tu. Ni pale penye kula na kura ndipo hatari ilipo, hasa wakati wa uchaguzi. Na kwa upande mwingine Kikuyu chatufundisha: jina Mukurweini latokana na mti wa mũkũrwe, na ile -inĩ ya mwisho ni ndugu wa -ni yetu ya mtini na shambani. Mswahili angaliunda jina hilo kwa njia ile ile.

Katika vyakula na vinywaji watu wa bara hukosea mara nyingi. Pilipili ni kali, na limau ni kali. Kwinini na mwarubaini si kali; ni chungu. Maziwa yaliyolala hayawi makali, huwa machachu. Chai iliyowekwa majani mengi ni kali, na tumbaku ya wazee ni kali. Kiswahili kina pia neno tindikali, ambalo limebeba -kali ndani yake, na wakulima wa Nyeri yawafaa kulijua vizuri. Udongo mwekundu wa kwenye miinuko karibu na Nyandarua una tindikali, na mchai huupenda hivyo. Lakini mahindi na maharagwe hayaupendi, na shamba linalotiwa mbolea ya namna moja ya chumvichumvi mwaka baada ya mwaka laweza kuzidi kuwa na tindikali hata mazao yakafifia ingawa mbolea yaongezwa. Dawa ya udongo huo ni chokaa ya shambani, na afadhali kwanza udongo upimwe.

Dawa kali ni maneno mawili yanayopendwa kupita kiasi. Mtu huingia katika duka la dawa akaomba "dawa kali", naye hajasema augua nini. Dawa nzuri ni ile inayoufaa ugonjwa. Dawa za kuua vijidudu zikitumiwa ovyo, au zikiachwa katikati mtu akijiona amepata nafuu, vijidudu huzizoea, vikawa sugu. Na hapo tumepata neno la pili ambalo waganga hulitumia mkabala na kali. Ugonjwa mkali ni ule ujao kwa ghafula na kwa nguvu. Ugonjwa sugu ni ule ukaao mwilini muda mrefu. Mgonjwa akiulizwa na muuguzi, asiseme tu "tumbo linauma sana". Na aseme kama maumivu ni makali yaliyoanza jana, au ni ya siku nyingi yanayorudi. Kwa kutenganisha hivyo humpunguzia mganga nusu ya kazi.

Sumu za kunyunyizia kahawa na mboga zina ukali ulioandikwa kwa rangi. Tazama utepe ulio chini ya karatasi ya kopo: mwekundu ni sumu kali sana, wa manjano ni hatari ya wastani, wa buluu ni hatari ndogo, na wa kijani ndio wenye hatari ndogo kuliko zote kwa mwenye kuitumia kama ilivyoagizwa. Asiyejua kusoma aweza kuijua rangi. Kuongeza kipimo maradufu ili dawa "iwe kali" hakuuongezei mkahawa afya. Humwongezea mpulizaji madhara.

Juu ya pombe kali yatupasa kusema wazi. Kwa Kiswahili pombe kali ni ile iliyokenekwa, yenye kulevya upesi. Lakini katika vijiji vya Mlima Kenya neno hilo limewekwa pia juu ya vitu ambavyo si pombe hata kidogo. Mwezi Februari mwaka 2024, huko Kangai katika Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa baada ya kunywa kileo haramu. Katika vileo vya namna hiyo mara kwa mara hupatikana methanoli, spiriti ya viwandani. Mwili huigeuza methanoli ikawa tindikali, na tindikali hiyo huharibu mshipa wa jicho. Ndiyo sababu wengine huokoka mauti lakini wakabaki vipofu. Ulimi hauwezi kuitambua, kwa kuwa ladha yake haipitani sana na ya spiriti ya kawaida. Mnywaji husema, "Hii ni kali," akidhani amesifu. Jina lake ni sumu, na mwenye kuiita kali amempunguzia muuzaji hatia.

Hali ya hewa na nchi hazitatuchukua muda. Upepo mkali, baridi kali ya mwezi wa Julai, mteremko mkali, kona kali: kila dereva wa njia za Mukurweini azijua. Mto Gura, ushukao kutoka Nyandarua, wasifika kwa mkondo wake mkali, na si mahali pa kuvukia kwa kubahatisha wakati wa mvua.

Jua kali lakini limepata historia yake. Lilikuwa ni jua tu, la saa sita mchana. Kisha mafundi wa Nairobi waliofua mabati, masanduku na majiko bila paa juu yao wakaitwa mafundi wa jua kali, na jina likashika. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi la Ulimwengu juu ya Kenya ilisema kwamba kazi ndogondogo za namna hiyo zina faida kubwa na hazistahili kufukuzwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, Serikali ya Kenya iliandika jina hilo lenyewe katika hati ya sera ya biashara ndogo na maendeleo ya jua kali. Leo fundi wa Karatina aliye chini ya paa zuri, hata akifanya kazi usiku kwa taa, bado ni wa jua kali. Jua limetoka katika neno, kazi imebaki.

Limebaki tangazo la wakubwa. Wazee wa Nyeri walioishi wakati wa Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960, walizijua amri kali na ulinzi mkali kwa miili yao, hasa tangu mwaka 1954 walipokusanywa katika vijiji vyenye mahandaki na saa za kutotoka nje. Kwao neno halikuhitaji kamusi. Lakini siku hizi kila tangazo, la maji, la mifugo, la ada ya soko, humalizika kwa "hatua kali zitachukuliwa". Ni hatua gani? Faini? Kesi? Kunyang'anywa kibanda? Kwa maoni yetu neno likitumiwa hivyo hupoteza makali, likawa butu kama jembe la kukodi. Afadhali tangazo liseme sheria gani na faini kiasi gani.

Basi jibu letu kwa jirani ni hili. Mwalimu hakukosa Kiswahili, ila alimwandikia mzee kwa lugha ya vijana. Mzee naye hakukosa kusoma, ila angeuliza kabla ya kukasirika. Shule si mbali. Twashauri mwalimu aandike barua ya pili, fupi, isemayo kwamba binti ana akili kali na amekuwa wa kwanza katika hesabu, na mzee aisome kwa sauti mbele ya mama na mtoto, pale pale alipomgombeza. Juu ya kibao, ni kuongeza m moja tu kwa rangi ile ile, pakiwa na nafasi. Mbwa mwenyewe, tumeambiwa, hajachanjwa.